Mteja Hawezi Kuonja Kupitia Simu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi anaweza kubonyeza papai, kunusa samaki na kuvuta ukingo wa kitambaa aone kama kinafumuka. Pale Keko jijini Dar es Salaam, mteja anayejua mbao haridhiki kuambiwa kwamba kitanda ni cha mninga. Anainama, anatafuta upande ambao haujapakwa vanishi, anatazama mwenyewe. Sasa sehemu kubwa ya biashara ndogo imehamia kwenye simu, na simu imemnyang'anya mteja mikono, pua na ulimi. Amebaki na picha, ambayo anajua fika kwamba inaweza kuwa ya mtu mwingine, na maneno yaliyo chini ya picha. Chema hakijiuzi tena chenyewe. Kinahitaji msemaji, na msemaji huyo lazima aaminike.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wadogo wanapokwama. Mtu anayejua bidhaa yake mpaka chembe ya mwisho, anayeweza kukaa na mteja dukani nusu saa akimweleza tofauti ya sponji na sponji, akishika simu anaandika: "Tunauza bidhaa bora kwa bei nafuu. Mteja kwetu ni mfalme. Karibu tukuhudumie." Weka maneno hayo chini ya picha ya asali, ya viatu, ya tangi la maji, ya gauni la harusi. Yanakaa sawasawa kote. Kipimo ninachokiamini ni hiki: futa jina la biashara yako kwenye tangazo, uweke la jirani anayeuza kitu kilekile. Kama tangazo bado linasomeka kuwa kweli, basi hujasema lolote kuhusu biashara yako.

Siku hizi kila semina ya wajasiriamali ina mtu wa kuwaambia washiriki waandike "kiuhalisia". Ushauri ni mzuri, lakini mara nyingi hauelezwi, na watu wanaondoka nao kila mmoja kwa maana yake. Mmoja anadhani maana yake ni kusimulia maisha yake: ndoa, madeni, machozi ya usiku ule mtaji ulipokata. Mwingine anadhani ni kuandika kimtaa, aonekane hana makuu. Yote mawili yanaweza kuwa na mahali pake, na nitayarudia huko mbele, lakini hayo siyo kiini. Mtu anaweza kulia mbele ya kamera na bado akauza asali iliyochanganywa na sukari guru. Anaweza kuandika "wanangu, mzigo umeshuka" na mzigo wenyewe ni picha aliyoitoa kwenye duka la Guangzhou.

Kiini ni kwamba mfanyabiashara anajua mambo kuhusu bidhaa yake ambayo hakuna mwingine anayeyajua, na anayaandika kwa namna ambayo mteja anaweza kwenda kuyakagua. Uhalisia wa maandishi ya biashara unasimama kwenye taarifa. Hisia na mtindo hufuata.

Kwa nini tunaandika maneno yasiyo yetu

Kabla ya kumlaumu mtu, tuangalie sababu zake, maana ni za kweli.

Ya kwanza ni mazoea ya masikio. Tumekua tukisikia matangazo ya redio ya kampuni za bia, sabuni na simu, na tumechukua kwamba hivyo ndivyo biashara inavyozungumza. Kampuni kubwa husema kwa ujumla kwa sababu inazungumza na nchi nzima na haina mtu mmoja wa kusimama nyuma ya kila chupa. Wewe una huyo mtu, nawe ndiye. Mama anayesaga unga wa lishe peke yake jikoni kwake akiandika "kampuni yetu inayoongoza katika sekta ya lishe", anaitupa nguvu aliyo nayo na kuazima ambayo hana. Aone aibu ya nini kusema "nasaga mwenyewe kila Jumatano"? Mzazi anayemtafutia mtoto uji anatamani hasa kujua nani amesaga na lini.

Historia ya pwani yetu ina somo hapa. Mwaka 1887 mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla, alianzisha biashara ya kanga ambayo bado ipo Biashara Street, na kanga zake zikajulikana kwa maandishi "Mali ya Abdulla". Kwenye nguo iliyokusudiwa kusafiri mbali na duka, aliweka jina la mtu. Mwanamke wa Lamu au Unguja aliyeishika kanga ile alijua ni mali ya nani, na kama rangi ingechuja baada ya mfuo wa kwanza, alijua pia pa kupeleka lawama. Jina liliwekwa rehani. Maandishi yoyote ya biashara yanayotaka kuaminiwa yanafanya kazi hiyohiyo.

Sababu ya pili ni woga wa washindani. Muuza nguo wa Kariakoo hataki kusema mzigo ameutoa wapi, kwa sababu kesho jirani atakuwa huko. Woga huu nauheshimu. Hulazimiki kumtaja msambazaji wako wala kuonyesha risiti yake. Kuna tofauti kubwa kati ya kunyamaza na kudanganya: unaweza kunyamaza kuhusu chimbo lako na bado ukasema kitambaa ni cha aina gani, kinavutika au hakivutiki, kinaonyesha mwili au hakionyeshi, na kikifuliwa kwa maji ya moto kitakuwaje.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na inastahili nafasi yake: bei.

"Bei njoo DM." "Bei inboksi." Wanaoandika hivyo wana hoja. Wanasema washindani wakiona bei watapunguza mia tano na kuwachukulia wateja. Wanasema bei inategemea na umbali, na idadi, na siku. Wanasema mteja akiona bei peke yake anakimbia, lakini akija kuzungumza anaweza kushawishika. Na kwenye utamaduni wetu wa kununua, bei ni mazungumzo. Kuna "bei ya kuanzia" na kuna "mwisho ngapi".

Pamoja na hayo yote, naamini kuficha bei kunaumiza zaidi kuliko kunavyosaidia. Sokoni mteja anauliza bei akiwa ameshaiona bidhaa, ameshamsoma muuzaji usoni, na anaweza kuondoka bila deni la mazungumzo. Kwenye simu, kuomba bei faraghani maana yake ni kujitambulisha, kutoa namba, kusubiri jibu, na kubaki na hofu kwamba bei inapangwa kwa kuangalia picha yake ya wasifu. Wengi hawafiki huko; wanapita. Halafu muuzaji anashangaa kwamba watu mia mbili wameona na hakuna aliyeuliza.

Kama bei kweli inabadilika, andika kinachoibadilisha. Muuza keki anaweza kuandika: "Keki ya vanila ya kawaida, kilo moja 35,000. Ukitaka ya ghorofa au yenye sanamu juu, inapanda kwa sababu ya muda. Ya ghorofa mbili huanzia 120,000." Hapo mteja ameelewa bei na ameelewa kazi iliyo ndani yake. Atakayeona ni ghali ataondoka, lakini huyo angeondoka hata baada ya kukulia nusu saa ya mazungumzo.

Mfano wa asali

Nichukue bidhaa moja niende nayo mpaka mwisho, kwa sababu ushauri wa jumla unasahaulika upesi. Nachagua asali. Wauzaji wake wadogo ni wengi, kuanzia wanaoiweka kwenye chupa za plastiki kando ya barabara Manyoni mpaka wanaoiuza kwa stetasi za WhatsApp jijini, na ni bidhaa inayotiliwa shaka kuliko nyingine nyingi.

Tangazo la kawaida la asali linasema: "Asali mbichi, halisi, asilia asilimia mia moja. Inatibu vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, presha, kisukari na magonjwa mengine mengi. Wahi sasa, usipitwe." Kuna madai mengi humo, na hakuna hata moja ambalo mnunuzi anaweza kulikagua.

Sasa tumfikirie muuzaji mwenyewe. Anajua nini? Anajua asali yake ni ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, au nyuki wadogo wasiouma, na anajua kwamba hizo ni asali mbili tofauti: ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu, na kwa asili yake ina maji mengi zaidi. Anajua ilitoka wilaya gani, ilirinwa mwezi gani, kwenye mizinga ya magogo, ya magome au ya kisasa ya masanduku. Anajua kwa nini mzigo wa safari hii una harufu ya moshi kuliko uliopita. Anajua ameichuja vipi. Na anajua swali ambalo wateja watamuuliza baridi ikianza: "Mbona imeganda? Umeweka sukari?"

Swali hilo ni zawadi kwa anayeandika. Asali huganda kwa sababu sukari iitwayo glukosi iliyomo ndani yake hujitenga na kutengeneza chembechembe, hasa penye ubaridi. Asali yenye glukosi nyingi huganda mapema, nyingine hukaa miezi bila kuganda, na kwa yenyewe hali hiyo si dalili ya uchakachuaji. Chupa ikikaa kwenye maji ya uvuguvugu, asali hurudi kuwa laini; ikichemshwa, hupoteza harufu na ubora wake. Muuzaji anayeeleza hivi kabla mteja hajalalamika amefanya mambo mawili kwa pamoja. Amemfundisha mteja, na ameonyesha kwamba anaijua bidhaa yake wakati wa shida yake pia.

Kwa hiyo anaweza kuandika hivi:

"Asali hii imetoka Sikonge, Tabora. Ni ya nyuki wakubwa, imerinwa mwezi wa sita kwenye mizinga ya magogo, msitu wa miyombo na mitundu. Rangi ni kahawia iliyokolea na ina harufu ya moshi kidogo, kwa sababu warinaji wanatumia moshi. Nimeichuja kwa kitambaa mara mbili, sijaichemsha. Ikipata baridi itaanza kuganda chini ya chupa. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Nusu lita 10,000, lita 18,000. Nipo Tabata, ukija unaonja kabla ya kulipa. Usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka."

Hakuna neno la kujisifu humo, wala "bora", wala "halisi". Lakini mtu aliyekulia Tabora akisoma atajua kama muuzaji anasema kweli, na hilo ndilo linalomlinda yule wa Dar es Salaam ambaye hajui. Onyo la mtoto mchanga nalo si pambo. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha sumu hatari kwa mtoto wa chini ya miezi 12, na muuzaji anayeliandika, hata kama linampunguzia mauzo, ameonyesha anamjali mnywaji.

Hapo hapo kuna kishawishi ambacho kinahitaji ushupavu kukikataa. Wateja wengi wanaamini vipimo vya nyumbani: chovya njiti ya kiberiti kwenye asali, ikiwaka ni halisi, dondosha kwenye maji, ikizama bila kusambaa ni halisi, weka karibu na sisimizi, wasipoigusa ni halisi. Vipimo hivi havithibitishi. Shira nzito ya sukari nayo huzama, na sisimizi wanakula asali vizuri tu. Muuzaji anayeijua asali yake analijua hilo, lakini video ya njiti ya kiberiti inavuta watazamaji wengi kuliko maelezo ya glukosi. Akiipiga video hiyo, atauza wiki hii. Wiki ijayo mchakachuaji ataipiga hiyohiyo na shira yake, na mteja hatakuwa na njia ya kuwatofautisha. Kipimo cha kweli ni cha maabara. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mfano, kinataka unyevu wa asali ya nyuki wakubwa usizidi asilimia 20 kwa aina nyingi. Kuna vifaa vidogo vya mkononi vya kupimia unyevu huo, na picha ya kipimo cha mzigo wako mwenyewe ina uzito kuliko viberiti vyote.

Kuhusu madai ya tiba, sina lugha ya kuzunguka. Mtu mwenye kisukari akiacha dawa kwa sababu ya tangazo la asali, au akaongeza asali kwenye chai yake akidhani ni tiba, madhara yatakuwa mwilini mwake. Ukisema bidhaa yako inatibu, umeitoa kwenye chakula na kuiingiza kwenye eneo la dawa, ambalo lina wasimamizi wake na sheria zake. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na haimsamehi mfanyabiashara kwa sababu ni mdogo. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo hutolewa kwa leseni. Kuichapa kwenye lebo bila leseni ni udanganyifu, hata kama bidhaa yenyewe ni safi.

Kasoro ni sehemu ya maelezo

Nguvu nyingine ambayo mfanyabiashara mdogo anaiacha ni kutaja upungufu wa bidhaa. Wauza mitumba wazuri wanajua siri hii tangu zamani. Belo likifunguliwa, kuna nguo ya daraja la kwanza na kuna yenye doa, na mteja wa kudumu hurudi kwa yule anayemwambia "hii ina doa kwapani, chukua kwa elfu tatu". Kwenye simu inaandikwa vilevile: "Koti la jinzi, lebo inasema M lakini linabana kifuani, limfae mwembamba. Kifungo cha pili nimekibadilisha. Doa dogo la wino ndani ya mfuko, halionekani likivaliwa. 15,000." Baada ya koti hilo, ukiandika kwamba shati jingine halina kasoro, utaaminiwa. Aliyesifia kila kitu hana tena njia ya kusifia kilicho kizuri kweli.

Kwa fundi cherehani, kasoro inayojulikana nchi nzima ni tarehe. Basi aandike kuhusu tarehe. "Desemba napokea vitambaa vya sherehe mpaka tarehe 10. Baada ya hapo nguo yako itatoka Januari, na ukiwa na haraka ni vizuri utafute fundi mwingine mapema." Tangazo kama hilo linafukuza wateja watatu na kumpatia kumi ambao wamewahi kuvaa nguo ya mwaka jana kwenye harusi kwa sababu fundi aliwaambia "kesho jioni".

Picha ni vivyo hivyo. Watu wanacheka sana mtandaoni na zile picha mbili za "nilichoagiza" na "nilicholetewa", lakini aliyelipia keki ya mahari na kuletewa kitu kilichoporomoka hakucheka. Mara nyingi chanzo ni picha ya keki ya mtu wa nchi nyingine iliyowekwa kama kazi ya muuzaji. Kuichukua picha hiyo bila ruhusa kunagusa haki ya mwenye picha, na kibaya zaidi ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Kama unataka kuonyesha mtindo ambao hujawahi kuutengeneza, sema hivyo waziwazi: huu ni mfano, si kazi yangu, naweza kukaribia hapa na pale, rangi hii siwezi. Picha ya simu ya kawaida, iliyopigwa mlangoni penye mwanga wa asubuhi, ikionyesha keki yako yenye ukingo usionyooka sana, inatosha.

Maneno ya wateja

Ushuhuda wa mteja una nguvu kuliko tangazo lolote, na kwa sababu hiyo unatumiwa vibaya. Wapo wanaotunga mazungumzo kwa simu mbili na kuyapiga picha. Msomaji wa leo anayatambua: kila mteja anasema "asante sana nimepona kabisa" kwa tahajia ileile. Ushuhuda wa kweli huwa na mikunjo. "Unga ni mzuri ila mara ya kwanza niliweka maji mengi, mtoto akakataa. Nilipopunguza akala." Usiunyooshe. Ile sehemu ya maji mengi ndiyo inayomsaidia mama mwingine.

Lakini maneno na sura ya mteja ni mali yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza sehemu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa msusi, muuza nguo za watoto au mpambaji, kiasi hicho kinafunga duka. Kuomba ruhusa ni sentensi moja: "Dada, naomba nitumie picha hii kwenye ukurasa wangu, ukitaka nitaficha sura." Akisema hapana, ni hapana. Namba ya simu na jina lililo juu ya mazungumzo vifutwe hata pale alipokubali.

Sauti, na kiasi cha maisha yako

Nirudi kwenye yale mawili niliyoyaacha mwanzoni. Lugha ya kimtaa ni halisi kwa anayeizungumza. Kijana wa Gikomba akiandika Sheng kwa wateja wake wa Sheng, anaandika kwa sauti yake. Mzee wa makamo anayeuza vifaa vya ujenzi Morogoro akiandika "oya wanangu", kila mtu atahisi kuna kitu hakikai. Andika kwa lugha unayoitumia unapokuwa na mteja mbele yako. Kama humwiti mtu "mpendwa mteja" dukani, usimwite hivyo kwenye stetasi. Kama unamwita "mama", "kaka", "shangazi", endelea. Kiswahili fasaha hakipingani na uhalisia hata kidogo. Kinachopingana nao ni Kiswahili cha kuazima. Na wale wanaoweka sentensi nzima za Kiingereza ili waonekane wa hadhi ya juu, wajiulize wanunuzi wao wanauliza bei kwa lugha gani.

Maisha binafsi nayo yaingie pale yanapomweleza mteja jambo kuhusu bidhaa. Ulianza kusaga unga wa lishe kwa sababu mwanao alikuwa halali kwa njaa ya kukataa vyakula vingine? Hiyo inaeleza kwa nini umeupima mchanganyiko wako hivyo. Uligombana na shemeji? Hiyo haimhusu mnunuzi. Huna deni la kumwonyesha mtu yeyote msiba wako ili anunue sabuni, na watoto wako hawakuajiriwa kwenye matangazo yako.

Anayesema hajui aandike nini, ninamwomba afungue mazungumzo yake ya WhatsApp na wateja. Hazina yote iko pale. "Mnatuma Mwanza? Kwa basi gani? Inafika baada ya siku ngapi?" "Hii sponji baada ya mwaka haibonyei?" "Nikinunua saizi ikakataa, nabadilisha?" Kila swali lililoulizwa mara ya pili ni andiko, na majibu tayari umeshayaandika kwa sauti yako ya kawaida, bila kujua kwamba unaandika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka basi daftari la maswali karibu na lile la madeni. Kwa wale ambao vidole ni vizito, kuna njia nyingine: rekodi ujumbe wa sauti kana kwamba unamjibu mteja mmoja unayemfahamu, usikilize, uandike ulivyosema, upunguze marudio.

Programu za akili unde zinaweza kukusaidia kupanga na kusahihisha tahajia, lakini hazijawahi kushika bidhaa yako. Ukiziambia tu "niandikie tangazo la asali", zitakupa uzuri wa asili, ladha isiyosahaulika na afya bora kwa familia yako, yaani maneno yaleyale ya kila mtu yakiwa yamepigwa pasi. Ukizipa taarifa zako zote, Sikonge, mwezi wa sita, moshi, mizinga ya magogo, zinaweza kukupangia vizuri. Kisha soma kila mstari na ufute kila jambo ambalo hukulisema wewe, kwa sababu huwa zinaongeza, na lililoongezwa litadaiwa kwako.

Kumbuka pia ni nani anayesoma. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24 na huonwa na watu mliohifadhiana namba. Ujumbe wa kutuma kwa orodha nao humfikia aliyehifadhi yako tu. Hao hawahitaji kuambiwa wewe ni nani kila asubuhi. Wanahitaji habari: nini kimeingia, nini kimekwisha, nini kimechelewa bandarini. Instagram na TikTok husomwa na wasiokufahamu, na huko ndiko kwa kuweka maelezo marefu ya bidhaa, mahali ulipo, na bei. Muuzaji anayemwaga ujumbe uleule kote hukuta ndugu na marafiki wamezima stetasi zake. Kuhusu uandike mara ngapi, andika unapokuwa na jambo. Biashara inayofanya kazi hukosa jambo mara chache.

Jaribio kubwa la maandishi yako litakuja siku mambo yatakapoharibika mbele za watu. Mteja ataandika chini ya picha yako: "Hawa ni matapeli, nimelipa tangu Jumatatu." Usifute. Usimjibu "njoo DM tuyamalize", maana wengine mia wanasoma na wataelewa kwamba kuna la kufichwa. Andika hapohapo kilichotokea na kitakachofuata, kwa namna inayoweza kukaguliwa kama ulivyofanya kwa asali: "Dada, ni kweli ulilipa Jumatatu asubuhi. Mzigo wako nilimkabidhi wakala wa basi Jumanne badala ya siku ileile, na hilo ni kosa langu. Umeshafika Dodoma stendi leo saa nne, risiti nimekutumia. Gharama ya usafirishaji nakurudishia leo kwenye namba uliyolipia." Akishaupokea, mwombe aseme hapohapo kama umefika salama, na akikataa, acha maandishi yako na yake yabaki pale yalipo.